Mwandishi Chipukizi kwenye Mizani ya Korosho

Kwa misimu sita mfululizo nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Newala, na katika misimu hiyohiyo ndipo nilipoanza kuandika hadithi fupi na kuzituma kwa watu ambao wengi wao hawakunijibu. Kwa muda mrefu sikuona undugu wowote kati ya kazi hizo mbili. Mizani ilinipa posho, hadithi zilininyima usingizi, na kila moja ilikaa upande wake. Leo, vijana wanaoandika huku Kusini wanaponiuliza namna ya kuvumilia pale ambapo kazi zao hazisomwi, najikuta nikirudia jambo ambalo niliwaeleza wakulima kila asubuhi ya msimu bila kulisikia mwenyewe, nalo ni kwamba korosho hupimwa mara mbili, na anayechanganya vipimo hivyo viwili hujipa maradhi ya moyo bure.

Kipimo cha kwanza hufanyika ghalani. Korosho hukaguliwa kama imeanikwa ikakauka sawasawa, chache hukatwa kwa kisu ili kiini kionekane kama ni cheupe, kina madoa au kimeoza, kisha mzigo hupewa daraja la kwanza au la pili. Kipimo cha pili hufanyika mnadani, ambako ofa za wanunuzi hufunguliwa na bei kusomwa mbele ya wakulima, nao wakulima huamua kuuza au kugoma. Utaratibu huo ndio tunaoujua tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, unaompa mkulima hati ya mzigo wake ulio ghalani hadi uuzwe, ulipoingia kwenye korosho mwaka 2007. Daraja linaizungumzia korosho yenyewe. Bei inawazungumzia wanunuzi: wamekuja wangapi, viwanda vya Vietnam na India vinahitaji mzigo kiasi gani, meli zimepatikana au zimeadimika, na nani amesikia uvumi gani.

Tofauti hiyo ilionekana wazi kuliko wakati mwingine wowote katika misimu miwili iliyofuatana. Msimu wa 2017/2018 bei ya mnadani ilipanda hadi kuvuka shilingi 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata wanunuzi walitaja bei za chini kiasi kwamba wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa papo hapo, mvutano ukaenda hadi Ikulu, na mwezi Novemba 2018 Serikali ikaamua kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Mikorosho ilikuwa ileile, salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga ilipulizwa na mikono ileile. Niliwaona wakulima wakikasirika, wakitukana, wengine wakikopa unga. Sikumwona hata mmoja aliyerudi shambani kukata mikorosho yake kwa kuamini kwamba bei ndogo imethibitisha kuwa korosho yake ni mbovu.

Sisi waandishi chipukizi tunaikata mikorosho. Mtu anatuma hadithi tatu, hapati jibu, anahitimisha kwamba hana kipaji. Au anachapisha kijitabu kwa fedha zake, ndugu wananunua kwa kuona haya, wageni hawanunui, naye anajiona amehukumiwa na taifa zima. Amechukua bei, tena bei ya mnada ambao haukuhudhuriwa na mnunuzi yeyote, akaibandika mahali pa daraja. Nadhani sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kukata tamaa katika uandishi ni kosa hili la hesabu, na ustahimilivu wa mwandishi mchanga hauanzii kwenye ugumu wa moyo. Unaanzia kwenye kujua ni kipimo kipi anachokisoma.

Kwa nini basi wanunuzi hawaji mnadani? Hapa inafaa kuwa mahususi, kwa sababu ukimya unaoeleweka chanzo chake huumiza kidogo kuliko ukimya usio na sura. Wachapishaji wa nchi hii, ambao karibu wote wako Dar es Salaam, kwa miaka mingi waliishi kwa kitabu cha kiada, na hadithi ilikuwa mtoto wa kambo aliyelishwa kwa masalio ya kiada. Tangu kazi ya kuandaa vitabu vya kiada ilipokabidhiwa Taasisi ya Elimu Tanzania katika miaka ya 2010, mfuko uliokuwa ukiweza kulipia hadithi ya mtu asiyejulikana umesinyaa. Mhariri aliyekaa na mswada wangu miezi 14 bila kunijibu sikumpenda wakati huo, lakini sasa naweza kuiona meza yake: miswada imepangwa hadi kwenye kiti cha wageni, na kalamu ya kuidhinisha fedha iko mkononi mwa mtu mwingine.

Upande wa maduka hali ni hiyohiyo. Hapa Mtwara mjini nimeingia katika kila duka ninalolijua linalojiita duka la vitabu, nikakuta daftari, rula, vitabu vya dini na mikusanyo ya mitihani iliyopita. Riwaya ya Kiswahili ikiwapo, ni ile iliyo kwenye orodha ya fasihi ya kidato cha tatu na cha nne. Muuzaji hana kosa, kwani anauza kinachotakiwa siku ya kufungua shule. Na umbali una sehemu yake. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, gari la kutoka Dar es Salaam lilisubiri kivuko cha Ndundu, na masika ikikaza barabara ilifungwa. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kiliendelea kutesa wasafiri kwa miaka mingi. Kizazi kizima cha watu wa Lindi na Mtwara kilikua kikipokea gazeti la juzi. Mazoea ya kununua maandishi hayajengwi kwa miaka michache ya lami.

Ukiyaweka haya pamoja, unaona kwamba mwandishi wa Nanyumbu au Ruangwa anayesubiri kutambuliwa anasubiri kwenye kituo ambacho basi halijapangiwa kupita. Kutopanda kwake basi hakusemi lolote kuhusu nguo alizovaa.

Wengi hupenda kumtuliza mwandishi mchanga kwa kumtajia wakubwa. Ataambiwa kwamba Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, miaka 34 baadaye, na kwamba tafsiri ya kwanza ya riwaya yake kwa Kiswahili, lugha ya kwao Zanzibar, ilitoka mwaka 2022 tu. Ataambiwa pia kwamba Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30 huku akiandika, alifariki mwaka 1962, na kwamba kitabu chake cha Kufikirika kilichapishwa mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini kwa miaka mitano. Yote ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kujifunika shuka hilo usiku wa baridi.

Hata hivyo, faraja hiyo ina kasoro ya hoja ambayo mtu akiiona mara moja haiwezi tena kumpa joto. Tunawajua hao kwa sababu walitoka. Ndani ya ukimya uleule walioupitia walikuwamo waandishi wengine wengi, baadhi hodari na baadhi wabovu, ambao hatutawajua kamwe, na ukimya haukuwabagua. Kutosomwa hakuthibitishi ukubwa, kama ambavyo hakuthibitishi udogo. Anayesema kwamba hata Gurnah hakusomwa, hivyo na mimi nitakuwa Gurnah, amerudia kosa la kwanza akiwa amelivaa nje ndani: amechukua bei ya chini akaifanya cheti cha daraja la kwanza. Nimewaona vijana wawili waliojenga kiburi juu ya faraja hii, wakaacha kurekebisha kazi zao kwa madai kwamba wako mbele ya wakati wao. Wakati umewapita, na kazi zao bado zina makosa yaleyale ya ukurasa wa kwanza.

Wakubwa hao wanaweza kutufundisha jambo jingine, dogo zaidi na la manufaa zaidi, kama tukiacha kuwatazama wao tukawatazama waliowabeba. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840 bila kuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyafafanua, mmisionari William Taylor akayahifadhi kwenye karatasi, na William Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Huku kwetu, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya Vita vya Majimaji, vita vya 1905 hadi 1907 vilivyopita katika vijiji vyetu hivi. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mtaalamu wa lugha Whiteley, nusu karne baada ya vita vyenyewe. Nimewauliza walimu watatu wa Kiswahili kama wamewahi kuusikia utenzi huo, na mmoja alidhani ninamtania. Na ile historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 imetufikia kwa nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, ambayo sasa imehifadhiwa London. Jina la mwandishi wake halijulikani. Wa Kilwa wenyewe wangeweza kulijua kama kuna mtu angelibeba pamoja na karatasi.

Kazi hizo hazikufika kwetu kwa ubora peke yake. Zilifika kwa sababu kila moja ilipata mtu asiye mwandishi wake aliyeamua kujisumbua: mkusanyaji, mnakili, mfasiri, mtu wa kukariri. Mwandishi chipukizi anayelalamika kwamba hakuna anayembeba nami humuuliza swali ambalo halimfurahishi, kwamba je, mwaka huu amembeba nani? Amesoma mswada wa mwenzake hadi mwisho? Amenunua kijitabu cha mtu wa Masasi asiye ndugu yake? Mara nyingi jibu ni kwamba hana muda, naye anashangaa watu wanaupata wapi muda wa kutomsoma yeye.

Nisijifanye msafi. Lipo jambo ambalo wanaoandika kuhusu ustahimilivu hulipita haraka, nalo ni kwamba kuna nyakati ukimya unastahili. Hadithi zangu za kwanza zilihusu watu matajiri wa Masaki, mtaa wa Dar es Salaam ambao sikuwahi kuukanyaga. Wahusika wangu walikunywa mvinyo ambao sikujua rangi yake na kupigana talaka kwa maneno niliyoyasikia kwenye tamthilia. Ilikuwa korosho mbichi. Nilichapa nakala 200 za kijitabu hicho kwa shilingi 400,000, fedha za misimu miwili, na mwaka wa kwanza nikauza nakala 37, nyingi zikiwa za ndugu. Nilikasirikia nchi. Leo nikikisoma, ninawashukuru waliokaa kimya kuliko walionisifu, kwa kuwa walionisifu nusura wanifanye niandike cha pili kama hicho.

Kilichonigeuza hakikuwa maneno makubwa. Nilikuwa nimehamia Mtwara mjini, na katika kijitabu kile kulikuwa na hadithi moja fupi, kurasa nne tu, niliyoiweka mwishoni kwa kujaza nafasi. Ilimhusu mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa akikodishwa na mashine yake ya kupuliza salfa kutoka shamba hadi shamba, hadi msimu mmoja akavuka mto Ruvuma kwa kazi na hakurudi. Mama mmoja anayepika chakula karibu na kivuko cha Msangamkuu alikuwa na nakala, nadhani aliipata kwa mteja aliyeshindwa kulipa. Siku moja nilipokwenda kula aliniletea sahani, akasimama, akaniuliza: "Mwanangu, huyo mjomba wako, mbona hakurudi?" Nikamwambia, "Mama, hiyo ni hadithi." Akasema anajua kuwa ni hadithi, ila mtu aliyeandikwa kwa namna ile hawezi kuondoka bila sababu, na sababu sikuiweka.

Alikuwa ameikata korosho. Aliona kiini ni cheupe, akaona pia mahali palipooza. Kwa miaka minne nilikuwa nikitafuta wasomaji 1,000 wa kuniambia kama mimi ni mwandishi, na jibu lenye manufaa likatoka kwa msomaji mmoja aliyeshika mwiko. Tangu siku hiyo nimekuwa nikishauri, pengine kwa kuchosha watu, kwamba anayeanza ahesabu kwanza wasomaji waliofika mwisho na kuuliza swali. Mmoja wa namna hiyo ana uzito kuliko wengi waliopita wakaacha alama ya kidole gumba.

Kuna hatari nyingine, na watu wa huku wataielewa kwa jina lake: kangomba. Mgeni asiyejua aelezwe kwamba kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo, kwa bakuli au kopo linalobeba zaidi ya kilo inayolipiwa, mara nyingi korosho ikiwa bado mtini. Mkulima anauza kangomba kwa sababu shida yake ni ya leo: ada, msiba, debe la mahindi. Mnada ni wa Oktoba. Mwandishi asiyesomwa naye ana njaa ya leo, na wanunuzi wa kangomba wapo tele. Wanataka kisa cha mke wa mganga, wanataka fumanizi, wanataka msiba wa jirani uandikwe kabla tanga halijaondolewa, na wanalipa papo hapo kwa macho yao. Niliuza mara moja. Kwa wiki mbili nilisomwa kuliko nilivyowahi kusomwa katika maisha yangu, watu wakiniomba sehemu ya pili, ya tatu, ya tisa, halafu nikakaa miezi mitano nisiweze kuandika sentensi ambayo ni yangu, kwa sababu kila nilipoanza nilisikia kwanza watakachotaka. Simlaumu anayeandika visa vya mapenzi kwa kuvipenda, maana anaijua kazi yake kuliko mimi ninavyoijua yangu. Ninayemwonea huruma ni yule anayeviandika kwa hofu ya kusahauliwa.

Tuzo zimeongezeka, na hilo ni jema. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023, mshindi wa kwanza wa kila kundi akipata shilingi milioni 10, na kabla yake ilikuwapo ile ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014. Ninawahimiza vijana washiriki, hasa kwa sababu tuzo hukupa tarehe ya mwisho, na mwandishi asiye na mhariri hana kitu kingine kinachomlazimisha kumaliza. Lakini majaji ni wanunuzi wachache kwenye mnada mkubwa. Atakayeshindwa asiseme amepewa daraja.

Kwa hiyo daraja tunajipa wenyewe, kwa utaratibu. Watu wanne tunakutana Jumamosi alasiri kwenye baraza la fundi cherehani Mikindani, ambaye ametukubali kwa masharti kwamba tusiguse vitambaa vya watu: muuguzi mmoja, mwalimu mstaafu, kijana anayebeba samaki kutoka pwani, na mimi. Kila mmoja hupewa nakala na penseli. Haruhusiwi kusema nzuri wala mbaya. Anaweka alama mahali ambapo jicho lake liliruka mstari, na mahali ambapo angeliacha karatasi kama mwandishi asingekuwa amekaa mbele yake. Kisha alama zinalinganishwa. Pale penye alama tatu hapana ubishi, hata kama ndipo palipo sentensi uliyoipenda kuliko zote, na kwa kawaida ndipo ilipo. Mwalimu mstaafu huniita karani kwa kejeli, kwa sababu ninaandika idadi ya alama kwenye daftari la mistari kama nilivyokuwa nikiandika kilo. Daftari hilo ndilo limenishikilia. Hadithi niliyoanza nayo ilikuwa na alama 31 katika kurasa sita; ya mwaka jana ilikuwa na alama 12 katika kurasa tisa. Hakuna mtu nje ya baraza lile anayejua tofauti hiyo, na bado ni tofauti ya kweli kama unyevu wa korosho ulivyo wa kweli kabla mnunuzi hajafika.

Mengine ni ya kawaida na nitayapita. Usiache kazi inayokulisha. Usitume mswada mahali pamoja ukakaa kuutazama mlango. Tuma, andika tarehe, anza kingine. Chunguza kama umejibiwa mara moja kwa mwezi, kwa siku maalumu, kwa sababu kuchungulia kila saa hula muda uleule ambao ungeandikia. Maktaba za mkoa zipo Mtwara na Lindi, na kiingilio chake ni kidogo kuliko soda unazokunywa ukilalamika.

Nakala 61 za kile kijitabu cha mvinyo wa Masaki bado ninazo. Nyingine zilikwenda na mchwa nilipoziweka chini ya kitanda, nami nimezihamishia juu ya kabati, sijui hasa kwa nini. Hadithi ya mjomba nimeianza upya, na sasa iko katika rasimu ya nne. Jumamosi iliyopita ilipata alama saba, nne kati yake zikiwa kwenye ukurasa wa mwisho, na yule mama wa kivukoni ameniambia nisimpelekee nyingine mpaka nijue mwenyewe kule ng'ambo ya Ruvuma kulimtokea nini.